Nilivyomchekesha Mtu Mwenye Kifua Kibichi

Jumamosi, jioni. Jua limeshinda kali na vumbi la malori ya pamba limeingia dukani mpaka kwenye kibodi. Nikibonyeza herufi, inalia kama mtu anayetafuna mchanga.

Inatangazwa rasmi kwa wananchi wote wa Bariadi, kuanzia stendi mpaka mnadani, kwamba mkanda wa suruali ya mwandishi wa blogu hii umetobolewa tundu jipya. Shughuli hiyo imefanyika leo alfajiri uani kwangu, kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa, ikishuhudiwa na mke wangu Kabula pamoja na kuku wasio na kazi. Mgeni rasmi hakualikwa. Tundu limetobolewa upande wa kukonda, jambo ambalo halijatokea tangu nilipopunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika. Wananchi mnaombwa kuwa watulivu.

Kabula anasema wiki moja tu ya Mwanza imenirudisha nyumbani kama koti lililosahauliwa kwenye msumari. Nimemwambia koti hilo bado lina mifuko. Hakucheka. Ananijua.

Nimekonda kwa sababu ya moyo.

Si wangu. Wa Maduhu.

Kwa wageni wa blogu hii, kama mpo: Maduhu ni mtoto wa shangazi yangu. Kwetu Usukumani mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na utani wetu hauna likizo wala sikukuu. Naweza kuingia kwake nikachukua kuku nikaondoka naye, na yeye akasimama mlangoni kunitukana mpaka nipotee njiani, na kesho yake tukala pamoja. Sheria ni moja tu. Anayetaniwa haruhusiwi kununa.

Tulifanya kazi pamoja ushirika, yeye kwenye mizani, mimi ofisini na mihuri. Biashara ya pamba ilipoachiwa watu binafsi, ushirika ukapungua pumzi na sisi tukapunguzwa nao. Mimi nikafungua hili duka la kuchapa na kutoa nakala. Yeye akawa wakala wa kampuni binafsi, ananunua pamba huko vijijini. Tangu siku hiyo mimi namwita mwizi wa mizani na yeye ananiita muuza vivuli, kwa sababu, anasema, mkulima akija kwake anaondoka na noti, akija kwangu anaondoka na kivuli cha cheti chake.

Mtu huyo alikuwa akiumwa tangu utotoni bila sisi kujua. Alipokuwa mdogo aliwahi kuvimba magoti na viwiko, akalala muda mrefu, shangazi akamkanda na majani, akapona. Tulidhani amepona. Kumbe ugonjwa ule ulitoka kwenye magoti ukaenda kukaa kwenye mlango mmoja wa moyo, ukawa unautafuna polepole. Miaka ya karibuni akawa anapanda ngazi ya lori mara mbili, mara moja kwa miguu na mara ya pili kwa pumzi. Usiku alilala ameketi. Mimi nilimtania kwamba analinda mizani yake hata usingizini.

Nilimtania sana kuhusu kile kifua.

Jumatano ndiyo walimfanyia upasuaji, hospitalini Mwanza. Asubuhi daktari alitueleza, mimi na Milembe mke wake, kwa Kiswahili chepesi. Mfupa wa kifua utapasuliwa katikati. Mashine itashika kazi ya moyo na mapafu. Moyo utasimamishwa ili watu waweze kuushona mlango ule, kwa sababu huwezi kuziba pancha ya baiskeli inayotembea. Halafu damu ya moto itarudishwa, moyo uanze wenyewe, na ukisita utagutushwa kidogo kwa umeme. Alisema hayo mbele ya Maduhu mwenyewe. Maduhu aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza bei ya pamba ya msimu.

Walimtoa mchana umeshapinda. Jioni wakaniruhusu nimwone kidogo, nimevaa kanzu ya kijani iliyonifanya nifanane na mfuko wa mboga.

Sikumtambua. Nasema ukweli. Nilipita kitanda chake nikaenda kusimama kwa mgonjwa mwingine, na muuguzi ndiye aliyenigeuza. Maduhu wangu mweusi alikuwa wa rangi ya majivu. Bomba mdomoni, mashine inampumulia. Mabomba mengine mawili yanatoka chini ya kifua, yanamwaga damu kwenye chupa iliyo karibu na sakafu. Nyaya mbili nyembamba kama uzi wa kushonea zinatoka kwenye ngozi na kuingia kwenye kisanduku kidogo. Nikamgusa mkono. Ulikuwa baridi kama mtungi.

Nikajua amekufa na hawa watu wanaogopa kutuambia.

Yule muuguzi ni binti kutoka Malampaka, huku kwetu Usukumani. Aliposikia lafudhi yangu akaniamkia kwa Kisukuma, nikaitikia mhola, yaani salama, kwa mazoea, ingawa mhola haikuwepo. Alinieleza taratibu, na leo nikikumbuka maneno yake naona ndiyo yaliyonishika nisianguke.

Alisema ubaridi ule ni wa makusudi, walimpooza, sasa wanampasha moto polepole kwa blanketi. Moyo nao, alisema, umeduwaa. Umesimamishwa, umeshikwashikwa, umeshonwa, sasa unaambiwa fanya kazi. Saa za mwanzo unaweza hata kulegea zaidi kabla ya kupata nguvu, ndiyo maana kuna dawa inayoingia tone kwa tone ya kuusaidia, na zile nyaya mbili zipo ili ukisahau kupiga, kisanduku kiukumbushe. Damu ya kwenye chupa ilikuwa inatazamwa isizidi. Mkojo unapimwa kila saa, kwa sababu figo ndizo za kwanza kulalamika moyo ukizembea.

Nikamwona anafunua shuka miguuni na kushika vidole gumba vya Maduhu. Nikauliza anatafuta nini huko mbali na kidonda.

"Baba, nyie si mnalima mpunga? Maji yakifika jaruba la mwisho, mnajua mfereji ni mzima. Huku ndiko jaruba la mwisho."

Vidole vilikuwa bado baridi.

Nilikaa nje na Milembe kwenye benchi. Nilifikiria ng'ombe aliyelala na nira katikati ya shamba. Ukimpiga fimbo hainuki, utamuua. Unamfungua, unamwacha, unasimama kando, na baadaye unaona anainua miguu ya nyuma kwanza, anatetemeka, kisha ya mbele. Niliomba moyo wa Maduhu uinue hata miguu ya nyuma tu. Mimi ambaye kanisani hukaa kiti cha karibu na mlango.

Alhamisi asubuhi muuguzi akatoka anatabasamu. Vidole vina moto. Dawa ya kuusaidia moyo imepunguzwa. Chupa haijazwi tena kama jana. Bomba la mdomoni limetolewa, anapumua mwenyewe na ameomba maji, wamemlowesha midomo.

Milembe akaanza kulia, halafu akajifuta kwa kanga. Ilikuwa zamu yake kuingia, maana huruhusiwa mtu mmoja mmoja. Akaniachia mimi. Alisema, "Shemeji, tangulia wewe. Mimi nitamlilia bure. Wewe ndiye unayejua kumchangamsha."

Mlangoni muuguzi akanipa masharti. Nisikae muda mrefu. Nisimguse kifua. Akikohoa akumbatie ule mto aliopewa, autie kifuani auminye, kwa sababu mfupa wake umefungwa kwa waya na bado haujashikana. Na nisimchekeshe. Hilo alilirudia, sijui aliona nini usoni mwangu.

Sasa niwape habari ninayowapa watu wote. Ndiyo niliyopiga simu kuwapa wa hapa Bariadi, ndiyo niliyosimulia ndani ya basi jana, na ndiyo niliyompelekea shangazi leo mchana kule Nkololo, maana yeye habari ya simu haiamini mpaka aione miguu ya aliyeileta.

Habari yenyewe ni hii. Niliingia, nikamkuta Maduhu yuko macho. Nikamwambia daktari mkuu ana malalamiko: walipopasua kifua walitafuta moyo muda mrefu hawauoni, kumbe umefunikwa na mawe ya mizani aliyokuwa akiwapunjia wakulima, ikabidi kwanza wayatoe ndipo wapate pa kushona. Maduhu akacheka. Kucheka kukamuuma, akakumbatia mto, mashine ikaanza kupiga kelele, wauguzi wakaja mbio, na mimi nikatolewa ICU kama mbuzi aliyeingia kwenye mahindi. Mapigo yalivurugika, moyo ukawa unakimbia ovyo bila mpangilio. Wakamtia dawa kwenye mshipa. Jioni mapigo yakarudi kwenye mstari. Jana amekalishwa kwenye kiti, amekunywa uji.

Watu hucheka sana hapo kwenye mbuzi. Mimi mwenyewe nimeshajua pa kutulia kidogo ili wacheke.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akanishika mikono yote miwili. "Baba," alisema, maana mimi nina jina la baba yake, "moyo umesikia utani wako ukajua umerudi kwa wenyewe. Wewe ndiye uliyemwamsha mwanangu. Wabeja, asante sana." Akanifungashia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nimpelekee mgonjwa, na akanipa na yangu ya njiani.

Sijaila. Imekaa hapa juu ya mashine ya nakala, inanitazama.

Niseme na saa zile za katikati, ambazo huwa nazipita haraka ninaposimulia. Kati ya kufukuzwa na jioni nilikuwa kwenye lile benchi. Milembe alikaa kando yangu. Aliwasikia wauguzi wakikimbia, na aliniona nikitoka. Aliniuliza tu kama nimekula. Ningefurahi angenizaba kofi.

Nilijitetea kichwani. Nilikumbuka msiba wa baba yangu, jinsi Maduhu alivyojilaza njiani mbele ya jeneza na kugoma kuinuka mpaka apewe jogoo, kwa madai kwamba marehemu alifariki bila kumlipa matusi yake. Waombolezaji walicheka na kulia kwa pamoja. Mimi pia nilicheka, na kile kicheko kilinivusha mpaka kaburini bila kuanguka. Basi nikajiambia, nimemrudishia wema wake. Utani ni dawa yetu. Yule muuguzi, pamoja na kuwa wa Malampaka, kazi imemsahaulisha.

Nilijiambia hivyo nikiwa nimeuma ukosi wa shati.

Daktari alitoka jua likielekea kuzama. Nikasimama nikakiri mbele yake kama mshitakiwa, kwamba mimi ndiye niliyemchekesha. Akanitazama, nadhani alijizuia kucheka na yeye. Akasema mapigo kuvurugika baada ya upasuaji kama huu ni jambo linalowapata wengi, hasa wale ambao mlango wa moyo ulikaa mbovu miaka mingi. Huweza kutokea mgonjwa akiwa amelala tu. Wanalitarajia, wana dawa yake. Kicheko kinauma mfupa, hakivurugi moyo. Mambo hayo mawili yalikutana tu.

"Nenda ukale, mzee," akasema.

Kwa hiyo kwa upande wa kitabibu mimi sina kosa. Nimepata nakala halisi ya kuachiwa huru, si kivuli. Milembe alifurahi. Alipiga simu nyumbani, akasema mtani hana hatia, watu wakashangilia huko Bariadi. Jana akanituma nirudi nimpe shangazi habari kwa mdomo, nibadili nguo, na kesho nirudi Mwanza kumpokea zamu. Tiketi ya basi la asubuhi ninayo.

Mbona basi siwezi kula?

Kabula ameniuliza hivyohivyo leo, akiwa ameshika ule msumari wa moto. Amesema anamfahamu mume wake akiwa na njaa, akiwa na homa na akiwa na uongo, na hii si njaa wala homa. Nikamwambia azingatie mkanda. Akatoboa, akaenda zake jikoni.

Hakuna uongo niliowaambia watu. Mawe ya mizani niliyasema kweli. Mbuzi, mahindi, mashine, vyote vya kweli. Ila kuna kipande cha mwanzo nimekuwa nikikiruka, tangu nilipotoka kwenye ule mlango. Nimekiruka kwa Milembe, kwa daktari, kwa shangazi, kwa Kabula. Nakiandika hapa kwa sababu Maduhu akipata nguvu atasoma blogu hii, kama asomavyo siku zote ili apate cha kunitukania, na nisingependa akute nimekiruka na kwake.

Ilikuwa hivi.

Nilipoingia hakuwa mchangamfu. Alikuwa ameegemezwa kwa mito, macho yako darini, kidole kimoja kinapigapiga shuka kufuata ule mlio wa mashine. Kila mlio, kidole. Alikuwa anahesabu moyo wake mwenyewe. Aliponiona akaita, "Nkwabi."

Nkwabi tu. Hakuweka tusi mbele wala nyuma. Hajawahi kuniita jina tupu tangu tukiwa wachunga ndama, na lile jina lilinitisha kuliko mabomba yote.

Sauti ilikuwa imekwaruzwa na lile bomba la mdomoni, nikainama ili nisikie.

"Leo tuache utani kidogo," akasema.

Nikasema haya.

"Naogopa kulala. Jana nililala, wakausimamisha. Nina usingizi mwingi, Nkwabi, lakini nikifumba macho naona nitauacha peke yake." Akapumzika. Alikuwa anachoka kwa kila sentensi. "Kaa hapa. Nishike mkono mpaka nipitiwe."

Akaufungua mkono wake juu ya shuka.

Hakuomba zaidi ya hapo. Mtu ambaye maisha yake yote hajaniomba kitu, amekuwa akinichukulia tu kwa haki ya utani, aliomba hicho kimoja, na aliniomba kwanza niache kuwa mtani ili aweze kukiomba.

Nilitaka kuushika. Macho yalikuwa yameshajaa. Nikaona nikiushika ule mkono nitalia, mwanaume mzima, mbele ya wagonjwa na wauguzi, na Maduhu akiniona nalia ataamini anakufa. Hiyo ndiyo sababu nzuri, na nimeisugua kichwani siku tatu mpaka imeng'aa. Sababu yenyewe ni kwamba niliogopa. Sijui kukaa na mtu bila kumchekesha. Sijawahi kufundishwa, au nilifundishwa nikatega.

Basi nikanyoosha mgongo, nikakohoa kidogo kama mwenyekiti wa kikao, nikaanza: daktari mkuu ana malalamiko.

Aliniangalia. Niliona amenielewa, kwamba sitaushika. Halafu akacheka. Huwa nawaambia watu alicheka, na wao wanasikia furaha. Alicheka kwa sababu mtani akitaniwa hana ruhusa ya kununa. Alitimiza sheria yetu akiwa na mfupa uliofungwa kwa waya, uso ukakunjamana, akauvuta mto kwa mkono mmoja. Ule mwingine aliuacha palepale, wazi, kiganja juu.

Mashine ikalia. Binti wa Malampaka akaja mbio, akanisukuma kando kwa bega, jicho lake likiwa kwenye kioo cha mapigo, na bila hata kutazama chini akaushika ule mkono. Maduhu akamng'ang'ania. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Kesho nitaingia ICU, kama atakuwa bado huko, au wodini. Nitavuta kiti. Nitanyamaza, jambo ambalo Kabula atalipia kiingilio kuliona. Ila sijui kama mtu huomba jambo kama lile mara mbili.